Uzi maalumu: Kuchanganya vifurushi vya stable na testing kwenye Debian bila kuivunja mashine

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna swali linarudi kila mara kwetu watumiaji wa Debian, mfumo wa Linux wenye tawi la stable (lililotulia) na la testing (linaloandaliwa kuwa stable ijayo): "Nipo Debian stable, programu fulani imepitwa na wakati mno, naweza kuongeza mstari wa testing nikachukua hiyo moja tu?" Majibu huwa mawili. Mmoja anasema usithubutu, mwingine anasema mbona mimi nafanya kila siku. Wote wawili wanasema kweli, ila aliyeuliza anabaki palepale. Mimi nimeshaivunja mashine yangu mara moja kwa njia hii, na baada ya hapo nimechanganya mara nyingi tu kwa amani. Kwa hiyo naandika kirefu. Mwenye haraka apite tu.

Nianze na kisa chenyewe, maana ndicho kilichonifundisha.

Mwaka 2024 laptopu yangu ilikuwa na Debian 12, yaani Bookworm. Neovim (kihariri cha maandishi) iliyokuwemo ilikuwa 0.7.2, na programu jalizi nilizotaka kutumia zilikuwa zinagoma, zinadai toleo la juu zaidi. Nikachungulia testing, nikaikuta 0.9. Nikafungua faili la sources (orodha ya repo, yaani hifadhi ambako apt, kisakinishi cha Debian, huchukua vifurushi), nikaongeza mstari mmoja wa testing chini ya ule wa bookworm, `apt update`, kisha `apt install neovim`. Ikaja na maktaba zake kadhaa pamoja na libc6 mpya. Ikaniuliza kama iwashe upya huduma zinazotumia libc6, nikakubali. Neovim ikafunguka safi. Nikajiona fundi.

Siku chache baadaye, asubuhi, macho yako kwenye simu, vidole vikaandika kwa mazoea `apt full-upgrade`, nikabonyeza Y. Nilipoinua kichwa, mashine ilikuwa inasakinisha vifurushi zaidi ya elfu moja. Nikashtuka nikapiga Ctrl+C, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana dpkg (inayosakinisha kwa niaba ya apt) ilikuwa imeshaanza kufungua vifurushi. Nusu ya mfumo ikawa Bookworm, nusu testing, na vingine viko hewani, havijasakinishwa wala havijaondolewa. Kuwasha upya, nikapokelewa na terminali nyeusi. Desktopu haipo.

Watu wakikwambia "testing mbovu" kwa kisa kama hiki, usiwasikilize. Testing haikunifanyia kosa lolote, nililifanya mimi kwa kutojua jinsi apt inavyochagua.

Iko hivi. Kila toleo la kifurushi ambalo apt inaliona lina alama ya kipaumbele. Usipoiambia chochote, repo zote za kawaida zinapata 500, na kile ambacho tayari umekisakinisha kinapata 100. Stable 500, testing 500. Sasa zikilingana, anayeshinda ni mwenye namba kubwa ya toleo. Na testing karibu siku zote ina namba kubwa kuliko stable, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo ule mstari mmoja nilioongeza haukusema "niruhusu kuchukua Neovim kutoka testing". Ulisema "kuanzia leo mimi ni mtu wa testing, nihamishe ukipata nafasi". Apt ikatii.

Dawa yake ni pini, yaani kupanga kipaumbele mwenyewe. Unatengeneza faili ndani ya /etc/apt/preferences.d/, ulipe jina lolote, mfano `testing`, na ndani yake unaandika mistari mitatu:

```
Package: *
Pin: release a=testing
Pin-Priority: 100
```

Basi. Stable inabaki 500, testing inashuka 100, na `apt upgrade` ya asubuhi haiwezi tena kukubeba mzima mzima.

Hapo kwenye namba 100 nitakaa kidogo kwa sababu miongozo mingi huko mtandaoni inasema tu "weka namba ndogo", wengine wanaweka 50, wengine 90, wengine -10, kana kwamba ni sawa. Si sawa hata kidogo.

Chukulia umeichukua Neovim kutoka testing, imeshakaa kwenye mashine. Kilichosakinishwa kina 100. Kesho testing inatoa toleo jipya lenye marekebisho ya usalama. Kama pini yako ni 100, apt inaona: lililopo 100, jipya la testing 100, zimelingana, chukua lenye namba kubwa. Unasasishwa. Ile ya stable ina 500 lakini toleo lake liko chini ya ulilonalo, na apt hairudi nyuma mpaka kipaumbele kizidi 1000, kwa hiyo haihesabiki.

Sasa weka 99. Lililopo 100, jipya la testing 99. Lililopo linashinda. Neovim yako imeganda hapo ilipo, leo, kesho, mwaka ujao, na apt haitakwambia neno. Stable haiwezi kukurudisha, testing haiwezi kukupeleka mbele. Tofauti ya namba moja tu. Nimewahi kuikuta mashine ya jamaa ina maktaba ya picha iliyoganda hivyo zaidi ya mwaka, na yeye anasasisha kila Jumatatu kwa moyo mweupe.

Ukitaka kuona mwenyewe apt inawaza nini, andika `apt policy neovim`. Itakuonyesha toleo lililopo, toleo litakalochaguliwa, na orodha ya matoleo yote na alama zake pembeni. Amri hii ijengeni kuwa tabia. Mimi siku hizi sisakinishi kitu kutoka testing kabla ya kuitazama.

Jambo la pili: tumieni majina ya matoleo, siyo "stable" na "testing". Tarehe 9 Agosti 2025 Trixie (Debian 13) ilitoka testing ikawa stable, na jina "testing" likahamia Forky siku hiyohiyo. Aliyeandika "stable" kwenye sources zake alilala Bookworm, `apt update` iliyofuata ikamkuta Trixie. Andika `trixie` na `forky`, na kwenye pini andika `n=forky` badala ya `a=testing`. Ukihama, uhame kwa hiari yako.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wazoefu. Wapo wanaopenda kuandika `APT::Default-Release "trixie";` badala ya pini. Hiyo inaipa trixie 990. Tatizo ni kwamba repo ya usalama, tangu Debian 11, jina lake ni `trixie-security`, halifanani na `trixie`. Inabaki 500. Maana yake umeiambia apt ipendelee kifurushi chenye tundu la usalama kuliko kile kilichozibwa. Waliotoa Debian 11 waliliandika hili kwenye maelezo ya toleo, lakini nani huyasoma? Ukilazimika kuitumia, iandike `"/^trixie(|-security|-updates)$/";`. Mimi naona pini ya kushusha testing ni salama zaidi, haigusi mambo ya stable kabisa.

Nitaendelea na suala la tegemezi (vifurushi ambavyo kifurushi kingine kinavihitaji) chini, ngoja nipumzike vidole.

---

pini990

Mkuu nimekaa kwenye siti ya mbele. Ila swali dogo: kuna tofauti gani kati ya `apt install neovim/testing` na `apt install -t testing neovim`? Nimekuwa nikitumia yoyote inayonijia kichwani.

---

Mleta uzi

Swali zuri. Ya kwanza, ile ya mkwaju, inasema: kifurushi hiki kimoja kitoke testing, tegemezi zake zitoke panapofaa kwa mujibu wa pini zangu. Zikitosha za stable, zinabaki za stable. Ya pili, ile ya `-t`, inasema: kwa amri hii moja, testing nzima ipande hadi 990. Kwa hiyo kila tegemezi itakayoguswa itavutwa kutoka testing hata kama ya stable ingetosha.

Anza na mkwaju. Ikigoma kwa sababu ya tegemezi, ndipo ujaribu `-t`, na hapo soma orodha kwa macho mawili.

Na kabla ya yote weka `-s`. `apt -s install neovim/testing` inaigiza tu, haigusi kitu, wala haihitaji sudo.

---

Mleta uzi

Haya, tegemezi. Hapa ndipo penye kiini cha uzi wote.

Ukichukua programu kutoka testing hujachukua programu, umechukua ukoo. Programu imejengwa ikiegemea maktaba zilizokuwepo testing siku ilipojengwa, na maktaba ya chini kabisa ni libc6. Bookworm ilikuwa na glibc (ndiyo hiyo libc6) 2.36, Trixie ina 2.41. Kitu kilichojengwa juu ya glibc mpya mara nyingi kitaidai hiyo mpya, na libc6 ikipanda inapanda na ndugu zake: libc-bin, locales, libc6-dev kama ni mtu wa kujenga programu.

Kusema kweli libc6 yenyewe si mkorofi kiasi hicho. Programu za zamani huendelea kufanya kazi juu ya libc6 mpya, watengenezaji wake wako makini sana kwa hilo. Hasara ni kwamba kifurushi ambacho kila kitu kwenye mashine kinakikalia sasa kimetoka mikononi mwa timu ya usalama ya stable. Umepata kihariri kipya, umetoa msingi wa nyumba.

Wakorofi wa kweli ni wale wenye tegemezi zenye dari. Angalia Python. Vifurushi vingi vya moduli za Python zilizokusanywa kwa C, kwenye Bookworm vinaandika kwamba vinataka python3 kuanzia 3.11 lakini chini ya 3.12. Ukileta kitu kutoka testing kinachodai python3 mpya zaidi, hivyo vyote havina pa kukaa. Ama navyo vipande, ama viondolewe. Perl ni hivyohivyo: moduli zake za C za Bookworm zinadai `perlapi-5.36.0`, na Perl mpya haitoi jina hilo. Qt, maktaba za kuchorea madirisha, ndiyo kabisa, kuna vifurushi vinadai `qtbase-abi-5-15-8`, yaani hata namba ya mwisho ikibadilika tu, sehemu ya desktopu ya KDE inaanza kuhama.

Ndiyo maana utamsikia mtu anasema "nilitaka kichezeo cha muziki tu, ikataka kufuta KDE". Apt haikurukwa na akili. Ilipewa sharti, ikatafuta njia ya kulitimiza, na njia ilipita juu ya KDE.

Na mimi mwaka ule nilichagua wakati mbaya kuliko wote. 2024 Debian walikuwa wanafanya badiliko kubwa la time_t (aina ya namba inayohifadhi muda) kwenda biti 64, ili mashine za biti 32 zisije zikachanganyikiwa tarehe 19 Januari 2038. Maktaba nyingi zikabadilishwa majina, zikaongezwa mkia wa t64: libssl3 ikawa libssl3t64, na kadhalika. Hata kwenye amd64, ambayo haikuwa na tatizo lenyewe, majina yalibadilika. Sasa libssl3t64 inachukua nafasi ya libssl3, haziishi pamoja. Kwa hiyo kitu kidogo tu cha testing kinachotumia OpenSSL kilikuwa kinaing'oa libssl3. Katikati ya vurugu hiyo ndipo mimi nilipopiga Ctrl+C.

Kwa hiyo unapoamua kama uchanganye au la, swali la kuuliza ni hili: inaleta nani? Programu iliyoandikwa kwa lugha ya skripti isiyotegemea moduli za C, fonti, faili za data, nyaraka, hizo chukua hata kumi. Kitu kinachogusa Qt, GTK, Python yenyewe, Perl yenyewe au systemd, acha.

---

mwana_wa_sid

Mleta uzi unawatisha watu bure. Mimi nipo testing nzima miaka sasa, laptopu ya kazi, sijawahi kuvunjikiwa. Kwa nini mtu ahangaike na pini na mikwaju? Ahamie testing moja kwa moja, amalize.

---

Mleta uzi

Hujanipinga mkuu, umeniunga mkono bila kujua. Testing nzima ni mfumo mmoja, vifurushi vyake vimejaribiwa vikiwa pamoja. Kifurushi hakiingii testing kutoka unstable (au sid, tawi linalopokea vifurushi vipya kwanza) mpaka kikae siku kadhaa, kwa kawaida 5 kikiwa cha uharaka wa wastani, 10 cha uharaka mdogo, 2 cha uharaka mkubwa, kisiwe na hitilafu mpya nzito, na kisivunje tegemezi za wenzake waliomo testing. Umeona hapo mwisho? Wenzake waliomo testing. Hakuna anayekagua kama kitapatana na stable yangu. Anayechanganya anatengeneza mfumo ambao duniani unao yeye tu. Debian wenyewe wana jina la kejeli kwa mfumo wa hivyo, FrankenDebian, na ushauri wao rasmi ni usiutengeneze.

Ila usalama wa testing nao una lake. Timu ya usalama nguvu zake ziko kwenye stable. Marekebisho ya testing kwa kawaida yanapita unstable kwanza, kisha yanasubiri zamu. Yakikwama nyuma ya badiliko la maktaba fulani, unasubiri nayo.

---

mwana_wa_sid

Sawa, hilo la usalama nakubali nusu. Lakini stable nayo si malaika.

---

MzeeWaAmri

Vijana naomba nichangie kidogo hapo kwenye usalama.

Kumbukeni Machi 2024, kisa cha xz, programu ya kubana faili. Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, aliona sshd (huduma ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) inachelewa kwa sehemu ya sekunde na inakula CPU kuliko kawaida, alikuwa anapima mambo yake mengine kabisa kwenye Debian sid. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umepandikizwa kwenye liblzma, maktaba ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Akatangaza tarehe 29. Vifurushi hivyo vilikuwa vimeshafika testing. Stable haikuguswa.

Sasa tazameni jinsi Debian walivyowatoa watu wa testing. Nimesikia hapo juu kwamba apt hairudi nyuma. Wangefanyaje, na watu wameshasakinisha 5.6.1? Wakatoa kifurushi kilichoitwa `5.6.1+really5.4.5-1`. Kwa macho ya apt hiyo ni kubwa kuliko 5.6.1, inapanda. Kwa ndani ni 5.4.5, ya kabla ya uchafu. Mimi nilicheka peke yangu siku ile, lakini ndivyo inavyofanyika.

Nimelileta hili kwa sababu moja. Aliyekuwa amechanganya na kuweka pini ya 50, liblzma yake ya testing ingebaki pale pale na mlango wake. Marekebisho yangepita pembeni.

---

Mleta uzi

Shikamoo mzee. Mfano huo umeeleza ile 99 na 100 kuliko aya zangu zote.

---

kobe_polepole

Jamani mimi ni mgeni kidogo. Nina Trixie, nimefuata pini ya 100 kama mlivyosema, nikaigiza kusakinisha programu ya kuhariri video kutoka forky. Imeniletea orodha ndefu, chini imeandika Upgrading: 38, Installing: 61, Removing: 9. Kwenye zile 9, zenye rangi nyekundu, naona majina yanayoanza na plasma. Niendelee?

---

Mleta uzi

HAPANA. Ondoa kidole kwenye Y.

Hizo za plasma ndiyo desktopu yako. Programu za kuhariri video za KDE zinavuta Qt na ukoo wake wote, ni mfano kamili wa kitu kisichochanganyika.

Vizuri umeigiza kwanza. Apt ya Trixie, 3.0, inapanga orodha vizuri, vinavyoondolewa vinakuja kwa rangi nyekundu. Kanuni yangu ni rahisi: sehemu ya kuondoa ikiwa na kitu nisichokijua, naacha. Na ikitokea siku apt inakataa ikisema kifurushi ni "essential", au kwenye matoleo ya zamani inakutaka uandike sentensi nzima ya Kiingereza, "Yes, do as I say!", ujue unataka kuondoa kitu ambacho mfumo hauwezi kuishi bila hicho. Funga terminali, kanywe maji.

---

pini990

Kwani kobe_polepole hajaangalia backports? Mbona mada imefika huku bila kuitaja.

---

Mleta uzi

Nilikuwa naiweka mwisho makusudi, maana nikiiweka mwanzo hamsomi mengine.

Backports ni vifurushi vya testing vilivyojengwa upya juu ya stable. Siri yote iko kwenye hayo maneno "vilivyojengwa upya". Kwa kuwa vimekusanywa kwa libc6 ya stable, Qt ya stable, Python ya stable, havidai ukoo mpya. Repo yake inakuja na alama maalumu inayoipa 100 yenyewe, huhitaji kuandika pini. Kwenye Trixie unaongeza `trixie-backports` kwenye Suites za faili lako la debian.sources, kisha `apt install -t trixie-backports jina`. Kerneli mpya kwa mashine mpya, draiva za wifi, vingi vinapatikana huko.

Na angalieni namba za matoleo yake, kuna ufundi mzuri pale. Testing ikiwa na 2.1-3, backports inaandika `2.1-3~bpo13+1`. Ile alama ya wimbi, kwa hesabu za dpkg, inashuka chini hata ya kutokuwepo kitu. Kwa hiyo `2.1-3~bpo13+1` ni ndogo kuliko 2.1-3. Siku ukihamia Debian 14, kifurushi cha kawaida kinakipanda cha backports bila ugomvi. Aliyebuni hiyo wimbi alikuwa anaona mbali.

Dosari yake: haina kila kitu. Kifurushi kipo kama kuna mtu wa kujitolea kukijenga na kukitunza.

---

kobe_polepole

Ngoja nijaribu nitarudi.

Na swali lingine, samahani kwa maswali. Kama mtu ameshachanganya vibaya, anarudije?

---

Mleta uzi

Kwanza jua unacho nini. Amri hii inaorodhesha vilivyosakinishwa ambavyo viko testing na haviko stable:

```
apt list '?narrow(?installed, ?archive(testing), ?not(?archive(^stable)))'
```

Pia soma /var/log/apt/history.log. Amri za apt ulizopiga karibuni zimo, na tarehe, na vifurushi vilivyopanda. Mimi pale ndipo nilipoujua ukubwa wa msiba wangu.

Kisha pima. Ikiwa ni vifurushi vitatu vinne vya juu, visivyotegemewa na wengine, unaweza kuvirudisha kimoja kimoja: `apt install neovim/stable`. Itakwambia inashusha toleo, ukubali.

Ikiwa libc6 imeshapanda na maktaba nusu zimeshapanda, utashauriwa uweke pini ya 1001 kwa stable na upige full-upgrade irudi yote. Inawezekana kiufundi. Lakini jua kwamba kurudi nyuma hakuungwi mkono. Kila kifurushi kina skripti zake zinazokimbia wakati wa kusakinisha, na zimeandikwa kwa ajili ya kwenda mbele tu: badilisha muundo wa faili hili, hamisha mipangilio ile. Hakuna aliyeandika skripti ya kugeuza. Hata data zako mwenyewe: wasifu wa kivinjari ukishafunguliwa na toleo jipya, la zamani linaweza kuukataa.

Kwa hiyo aliyezama kiasi hicho, njia ya amani ni kwenda mbele. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kamilisha kuhamia testing, badilisha sources zote ziwe jina la toleo hilo, na subiri litakapokuwa stable. Mimi ndicho nilichofanya: nikapiga `dpkg --configure -a`, kisha `apt --fix-broken install`, nikamalizia full-upgrade, nikasakinisha desktopu upya, nikakaa Trixie ikiwa bado testing hadi ilipotoka. Ama hamisha faili zako usakinishe upya, jioni moja tu.

Kama shida ni kifurushi kimoja ambacho toleo lake la zamani halipo tena kwenye repo, snapshot.debian.org wanahifadhi vya nyuma. Unachukua .deb ya tarehe unayotaka.

---

pini990

Na kwenye seva?

---

MzeeWaAmri

Kwenye seva usichanganye. Ukihitaji toleo jipya, kontena. Stable inabaki chini, programu inaishi ndani ya kontena na maktaba zake. Ukichoka nayo unaifuta, mwenyeji hajui hata kilichopita.

Hata kwenye laptopu, Flatpak (programu zinazokuja na maktaba zake) inatosha kwa programu nyingi za desktopu. Na Distrobox ukitaka testing nzima ndani ya dirisha la terminali.

---

mwana_wa_sid

Flatpak inakula diski.

---

MzeeWaAmri

Diski naweza kuongeza, mwanangu. Jumapili zangu siwezi.

---

Mleta uzi

Kuna njia moja imesahaulika, ya kujijengea backport mwenyewe. Backports wasipokuwa na unachotaka, ongeza mstari wa vyanzo tu, deb-src wa testing, bila mstari wa deb. Hapo hakuna kifurushi cha testing kinachoweza kuingia kwa bahati mbaya. Kisha `apt build-dep`, `apt source`, ingia kwenye folda, `dch --bpo` ikuwekee ule mkia wa bpo, na `dpkg-buildpackage -us -uc -b`. Programu nyingi ndogo hujengeka bila kelele. Zikigoma, huwa zinadai kifaa cha kujengea kilicho kipya zaidi, na hapo unajua mapema kwamba hata kuchanganya kungekuuma.

Ubaya: masasisho ya usalama ya kifurushi hicho sasa ni kazi yako. Andika mahali usisahau.

---

kobe_polepole

Nimerudi wakuu. Backports hawana hiyo ya video. Nimeiweka kwa Flatpak kama alivyosema mzee, inafanya kazi, forky nimeitoa kwenye sources kabisa.

Ila kuna programu ndogo ya kupanga faili nilikuwa naitaka pia, hiyo nimeikuta kwenye trixie-backports. Nimeigiza: Upgrading: 1, Installing: 0, Removing: 0.

Hiyo nayo niache?

---

Mleta uzi

Hiyo bonyeza Y.